Mshambuliaji Nyota na Faida Zake katika Safu ya Ushambuliaji

(Makala ya maelezo kwa mazoezi ya ufahamu, ufupisho na insha)

Malengo

Ukimaliza kusoma makala hii uweze:

(a) kueleza maana ya mshambuliaji nyota;
(b) kufafanua faida zake kwa timu inayoshambulia, kwa hoja na mifano;
(c) kuonesha mipaka ya faida hizo;
(d) kuandika insha ya maelezo kuhusu mada hii bila kuigeuza kuwa utenzi wa sifa.

1. Utangulizi

Taifa Stars ikicheza bila kupata bao, mtu wa kwanza kulaumiwa huwa ni mshambuliaji wake mkubwa. Kwa miaka mingi mtu huyo amekuwa Mbwana Samatta. Iwe Chake Chake, Wete au Mkoani, mazungumzo ya barazani baada ya mechi huishia kwenye swali lile lile: ikiwa huko Ulaya anafunga na huku kwetu hafungi, anatusaidia nini? Swali hilo ni zuri, na linastahili kujibiwa kwa hoja badala ya ushabiki.

Makala hii inajibu hivi: faida ya mshambuliaji nyota haiishii kwenye mabao anayofunga mwenyewe. Sehemu kubwa ya faida hiyo ni nafasi wanazozipata wenzake, kwa sababu wapinzani hulazimika kutumia watu wengi kumzuia yeye. Hata hivyo, nafasi hizo hazina maana yoyote ikiwa wenzake hawajui kuzitumia.

Mtahiniwa azingatie jambo moja kabla ya kuendelea. Wanafunzi wengi wakiulizwa swali la aina hii huandika kwamba nyota "ana kipaji", "ana mbio" na "anapendwa na mashabiki". Hizo ni sifa. Hoja hueleza sababu na matokeo: mchezaji akifanya hivi, mpinzani hufanya vile, na timu hupata faida hii. Soma kila kifungu kinachofuata ukitafuta mnyororo huo.

2. Maana ya istilahi muhimu

*Mshambuliaji nyota* ni mchezaji wa mbele ambaye uwezo wake huwafanya wapinzani wabadilishe mpango wao kwa ajili yake. Tazama kwamba maana hii haitaji idadi ya mabao. Inataja wanavyofanya wapinzani. Mchezaji ambaye mabeki hawamjali hawezi kuitwa nyota, hata akiwa na jina kubwa.

*Safu ya ushambuliaji* ni wachezaji wote wanaohusika na kutafuta bao: washambuliaji wa kati, mawinga na viungo washambuliaji. Katika soka la sasa hata mabeki wa pembeni huhesabiwa humo pale wanapopanda kupiga krosi.

*Kukaba* ni kumfuata na kumzuia mpinzani asipate mpira, au akiupata asiutumie atakavyo.

*Nafasi* ni eneo la uwanja ambalo mchezaji anaweza kupokea mpira, kuinua kichwa na kuamua la kufanya kabla hajafikiwa na mkabaji.

*Pasi ya mwisho* ni pasi inayompa mwenzako mpira ambao kwa mguso au miguso michache anafunga.

3. Hesabu ya uwanjani

Kabla ya hoja, tuanze na hesabu. Kila timu huanza na wachezaji 11, na mmoja wao ni kipa. Tukiwaweka makipa kando, wanabaki 10 kwa 10. Kila mmoja akimkaba mwenzake, hakuna anayebaki huru.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni. Timu mbili za skuli zinacheza katika uwanja wa Gombani, Chake Chake. Timu moja ina mvulana wa nambari 9 anayeogopwa Pemba nzima. Kocha wa timu ya pili anaamuru mabeki wake wawili wa kati wasimwache hata kidogo. Hapo timu ya pili imebakiwa na watu 8 wa kuwazuia watu 9. Hata kocha angekuwa hodari vipi, hesabu hiyo haiwezi kubadilika: mahali fulani uwanjani pana mtu mmoja asiye na mkabaji.

Anaweza kuwa winga wa kulia aliyesimama karibu na mstari. Anaweza kuwa nambari 10 aliyeachwa nyuma ya viungo. Anaweza kuwa beki wa kushoto anayepanda bila kufuatwa. Kazi ya timu ya kwanza ni kumjua mtu huyo na kumfikishia mpira kabla wapinzani hawajajipanga upya. Hoja nyingi zinazofuata zimejengwa juu ya hesabu hii.

4. Faida za mshambuliaji nyota

*Hoja ya kwanza: hufunga mabao.* Hii ndiyo faida inayoonekana kwa kila mtu, na si vizuri kuidharau. Mwaka 2015 Samatta aliichezea TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo. Alimaliza Ligi ya Mabingwa Afrika akiwa mmoja wa wafungaji bora kwa mabao 7. Katika fainali dhidi ya USM Alger ya Algeria alifunga katika mechi zote mbili, ya ugenini na ya nyumbani, na Mazembe ikatwaa kombe hilo kwa mara ya tano. Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Timu yenye mtu wa aina hiyo haihitaji nafasi kumi ili ipate bao moja. Nafasi mbili au tatu humtosha, na jambo hilo huamua mechi ngumu.

*Hoja ya pili: huvuta mabeki na kuwaachia wenzake nafasi.* Hapa ndipo hesabu yetu inapofanya kazi. Nyota akikimbilia upande wa kushoto, mabeki wawili humfuata, na katikati panabaki wazi. Akirudi nyuma kuomba mpira, beki mmoja hutoka kwenye mstari kumfuata, na nyuma ya beki huyo hufunguka uchochoro ambao winga anaweza kuuingia. Katika harakati zote hizo nyota hajagusa mpira. Mtazamaji anayefuata mpira kwa macho atasema hakufanya kitu, ilhali ndiye aliyefungua mlango.

Chukua mfano wa Genk ya Ubelgiji katika msimu wa 2018/2019. Samatta alifunga mabao 23 ya ligi, na Genk ikawa bingwa wa nchi. Lakini hakuwa peke yake. Leandro Trossard na Ruslan Malinovskyi, waliocheza pembeni na nyuma yake, nao walifunga zaidi ya mabao 10 kila mmoja katika ligi hiyo hiyo. Mabeki waliokuja kumzuia Samatta waliwaacha hao, na waliokwenda kwa hao walimwacha Samatta. Beki anapokuwa na maswali matatu kwa wakati mmoja, lipo atakalokosea.

*Hoja ya tatu: huirudisha nyuma safu ya ulinzi ya wapinzani.* Mabeki wanaomwogopa mshambuliaji mwenye kasi hawathubutu kusimama mbali na lango lao, kwani mpira mrefu mmoja ukipita juu ya vichwa vyao hawatamkamata. Kwa hiyo hurudi nyuma hatua nyingi na kusimama karibu na eneo la penalti. Wakirudi wao huku viungo wao wakibaki mbele, katikati ya makundi hayo mawili hubaki uwazi mpana. Uwazi huo ndio makao ya nambari 10: hupokea mpira akiwa ametazama lango, akapiga shuti la mbali au akatoa pasi. Wakitaka kuuziba kwa kuwarudisha viungo pia, timu nzima inakuwa imejifungia ndani, na nyota bado ameisaidia timu yake kuutawala mpira.

*Hoja ya nne: hushika mpira na kutoa pasi ya mwisho.* Mshambuliaji mzuri akipokea mpira huku beki yuko mgongoni, huweza kuukinga kwa mwili hadi wenzake wafike. Sekunde mbili au tatu hizo ni mali kubwa. Januari 21, 2024, katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Ivory Coast, Tanzania ilicheza na Zambia. Dakika ya 11 Samatta alimpa pasi Simon Msuva, naye Msuva akafunga. Mechi iliisha kwa sare ya 1-1. Katika orodha ya wafungaji wa siku hiyo jina la Samatta halimo, lakini bao hilo haliwezi kuelezwa bila kumtaja.

*Hoja ya tano: husababisha mipira ya pili, faulo, kona na penalti.* Si kila shuti la nyota huingia wavuni, na si kila shuti lisiloingia limepotea. Juni 27, 2019 jijini Cairo, Tanzania ilikutana na Kenya katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Dakika ya 6 Samatta alipiga shuti, kipa wa Kenya Patrick Matasi akautema mpira, na Msuva aliyekuwa amefuata nyuma akamalizia. Hilo liliitwa bao la Msuva, na ni haki yake, kwani ndiye aliyekimbia wakati wengine wamesimama kutazama. Vile vile, beki aliyeachwa na mshambuliaji hodari mara nyingi hubaki na njia moja tu: kumvuta au kumkwatua. Akifanya hivyo nje ya eneo la penalti ni mpira wa adhabu, ndani yake ni penalti ya mita 11. Akioneshwa kadi ya njano, muda wote uliobaki atakaba kwa woga, maana kadi ya pili ni kutoka nje.

*Hoja ya sita: huwafanya wapinzani wapunguze kushambulia.* Kocha anayemwogopa nyota hawaachi mabeki wake wote wapande. Hata timu yake inapopiga kona, huwabakiza nyuma watu wawili au watatu wa kumlinda mtu mmoja. Matokeo yake ni kwamba krosi zao zina wapokeaji wachache, na timu yenye nyota hupata utulivu wa kujenga mashambulizi yake kutoka nyuma. Faida hii huanzia kwenye ulinzi na kuishia kwenye ushambuliaji.

5. Kanuni hii katika michezo mingine

Mtahiniwa anayeweza kuonesha kuwa kanuni moja hufanya kazi mahali zaidi ya pamoja huandika insha yenye uzito. Wasichana wanaocheza netiboli wanaijua vizuri. Katika mchezo huo ni wachezaji wawili tu wa kila timu wanaoruhusiwa kufunga. Mlinzi wa pili akimwendea mfungaji mrefu, mwenzake wa karibu hubaki na mwanya wa kupokea pasi na kufunga.

Mfano mwingine unatoka mbali zaidi. Marekani kuna mchezo wanaouita futiboli, lakini ni tofauti na kandanda letu: mpira wake una ncha mbili mfano wa yai, na huchezwa zaidi kwa mikono. Mchezaji mmoja hurusha mpira, na wengine, waitwao wapokeaji, hukimbia mbele kuudaka. Mwaka 2007 timu ya New England Patriots iliwasajili wapokeaji wawili, Randy Moss na Wes Welker. Moss, mrefu na mwenye kasi, alidaka mipira 23 ya kufunga katika msimu huo, na walinzi walilazimika kumfuata mbali. Welker, mfupi kuliko yeye, alicheza katika eneo la karibu lililobaki wazi, akadaka mipira 112, mingi kuliko 98 ya Moss mwenyewe. Timu iliyokuwa na pointi 385 msimu wa 2006 ikapata 589 msimu wa 2007, katika idadi ile ile ya mechi 16. Wote wawili walikuwa wapya, na timu ilikuwa na mrushaji hodari, Tom Brady, kwa hiyo si haki kumpa Moss sifa zote. Bado funzo ni lile lile: mmoja huvuta, mwingine hutumia.

6. Nyota asipofunga: Tanzania na Uganda, 2019

Sasa turudi kwenye lile swali la barazani. Machi 24, 2019, Tanzania ilicheza na Uganda jijini Dar es Salaam ikiwa inatafuta tiketi ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Ilikuwa imepita miaka 39 tangu Tanzania icheze fainali hizo, mara ya mwisho ikiwa Nigeria mwaka 1980. Kocha alikuwa Emmanuel Amunike, na nahodha wa timu alikuwa Samatta.

Tanzania ilishinda 3-0 na kufuzu. Waliofunga ni Simon Msuva, Erasto Nyoni kwa penalti, na Aggrey Morris, beki aliyewahi kuichezea pia timu ya Zanzibar. Kati ya wafungaji watatu, wawili ni mabeki. Samatta hakufunga hata bao moja katika mechi ambayo huenda ndiyo kubwa kuliko zote alizokuwa amecheza na timu ya taifa hadi siku hiyo.

Tunajifunza nini? Hapa mtahiniwa awe mwangalifu. Orodha ya wafungaji peke yake haithibitishi kwamba Samatta ndiye aliyewafungulia njia wenzake. Ili kulisema hilo ni lazima kuitazama mechi, kuona mabeki wa Uganda walisimama wapi na nani alimfuata nani. Lakini orodha hiyo inathibitisha jambo jingine: timu yenye nyota inaweza kupata ushindi wake mkubwa bila bao la nyota. Kwa hiyo anayempima mshambuliaji kwa kuhesabu mabao tu anatumia kipimo kisichotosha.

7. Mipaka ya faida hizo

Insha nzuri haielezi upande mmoja tu. Kuwa na nyota kuna mipaka na hatari zake.

*(a) Nyota huhitaji wa kumlisha.* Januari 2020 Samatta alihamia Aston Villa ya Uingereza, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika Ligi Kuu ya nchi hiyo. Machi 1, 2020 alifunga bao la Villa katika fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, ingawa Manchester City walishinda 2-1. Hata hivyo, katika mechi 14 za ligi alifunga bao 1 tu. Mtu aliyefunga mabao 23 ya ligi kwa msimu mmoja Ubelgiji hakusahau kufunga kwa miezi michache. Ligi ilikuwa ngumu zaidi, wachezaji waliomzunguka walikuwa wageni kwake, na timu yenyewe ilikuwa inapigania isishuke daraja. Mshambuliaji asiyeletewa mipira ni sawa na ngalawa yenye tanga zuri siku isiyo na upepo.

*(b) Timu hutabirika.* Wachezaji wakizoea kumpa mpira mtu mmoja hata akiwa amezungukwa na watu watatu, wanaitupa ile faida waliyopewa. Katika mfano wetu wa Gombani, nambari 7 anayesimama peke yake bila kupewa mpira hana tofauti na mtu aliyebaki benchi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

*(c) Nyota akikosekana, timu hupwaya.* Majeraha, kadi na uhamisho havina taarifa. Kikosi kilichojengwa juu ya mtu mmoja humtafuta hata siku ambayo hayupo uwanjani. Kocha makini huwafundisha wengine kufunga wakati nyota bado yupo.

*(d) Nyota hazibi matundu ya ulinzi.* Katika ile mechi ya Cairo dhidi ya Kenya, Tanzania iliongoza mara mbili, na bao la pili alilifunga Samatta mwenyewe. Bado Kenya ilishinda 3-2, na Michael Olunga, ambaye ni nyota wa upande wao, alifunga mawili. Washambuliaji wetu walifanya kazi yao siku ile, na timu ikafungwa.

*(e) Sifa huweza kumharibu.* Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kijana anayeambiwa kila siku kuwa timu ni yeye huacha kukimbia bila mpira, kwa kuwa kukimbia huko hakushangiliwi. Akiacha, mabeki hawana tena wa kumfuata, na faida ya pili, ya tatu na ya sita hupotea kwa pamoja.

8. Namna ya kumpima mshambuliaji

Kutokana na hayo, mtu anayetaka kumhukumu mshambuliaji kwa haki ajiulize maswali manne wakati wa mechi. Ni wapinzani wangapi wanaomfuata? Anapohama, ni eneo gani linabaki wazi? Ni nani aliyelitumia eneo hilo, na alipewa mpira kwa wakati? Na yeye mwenyewe alipopata nafasi ya kufunga, aliitumia?

Ikiwa wapinzani wanamfuata wawili na wenzake hawaletewi mipira, tatizo ni la timu. Ikiwa wenzake wanampa nafasi za wazi naye anazipoteza, tatizo ni lake. Ikiwa hakuna beki hata mmoja anayehangaika naye, basi siku hiyo hakuwa nyota, hata fulana yake iwe na jina gani. Mtazamaji anayejiuliza hivi hulaumu pale panapostahili lawama na husifu pale panapostahili sifa. Kijana wa skuli anayechezea timu ya mtaa wake naye atajua kwamba kukimbia kwake bila mpira kuna thamani, hata kama hakuna atakayemshangilia.

9. Hitimisho

Kwa ujumla, mshambuliaji nyota huisaidia timu kwa kufunga, kuvuta mabeki, kuirudisha nyuma safu ya ulinzi, kutoa pasi ya mwisho, kusababisha mipira ya pili na adhabu, na kuwapunguzia wapinzani ujasiri wa kushambulia. Faida ya kwanza huandikwa kwenye orodha ya wafungaji. Nyingine nyingi haziandikwi popote, na huonekana tu kwa anayetazama mahali ambapo mpira haupo. Kwa sababu hiyo jibu la swali la barazani si "ndiyo" wala "hapana". Nyota huwapa wenzake nafasi, na ni juu yao kuitumia au kuiacha ipotee.

Maswali ya kujipima

1. Kwa mujibu wa makala, mshambuliaji nyota ni nani? Kwa nini maana hiyo haikutaja idadi ya mabao?

2. Eleza kwa hesabu jinsi timu inayomkaba mchezaji mmoja kwa watu wawili inavyomwacha mchezaji mwingine huru.

3. Mwandishi anatumia mechi mbili kuonesha kuwa nyota anaweza kusaidia kupatikana kwa bao bila kufunga yeye mwenyewe: Tanzania na Zambia (2024), na Tanzania na Kenya (2019). Eleza tofauti ya msaada uliotolewa katika mechi hizo.

4. Kwa nini mwandishi anasema orodha ya wafungaji wa mechi ya Tanzania na Uganda (2019) peke yake haitoshi kuthibitisha mchango wa Samatta? Je, inathibitisha nini?

5. Eleza maana ya methali mbili zilizotumika katika kifungu cha 7 na uoneshe zinavyohusiana na mada.

6. Fupisha kifungu cha 7 kwa maneno yasiyozidi 80.

7. Andika insha ya maneno yasiyopungua 250 na yasiyozidi 300 yenye kichwa: "Timu ya skuli isijengwe juu ya mchezaji mmoja."

Dokezo kwa mtahiniwa

Katika swali la 3, usiishie kutaja mechi na matokeo. Katika mechi moja nyota alitoa pasi kwa kukusudia. Katika nyingine alikusudia kufunga, mpira ukatemwa na kipa, na mwenzake akafaidika. Katika swali la 6, chagua wazo moja tu kutoka kila kipengele, uache mifano na majina ya watu. Katika swali la 7, kumbuka kuwa kichwa kinakutaka uchukue msimamo. Anza kwa kuutaja msimamo wako, toa hoja tatu au nne zenye sababu na matokeo, tambua faida ya kuwa na nyota walau kwa aya moja, kisha eleza kwa nini faida hiyo haitoshi. Insha isiyokubali lolote la upande wa pili humfanya msomaji adhani mwandishi hakulijua.